Baba kalala: kuandika breli kwa mkono bila mashine

Kila wiki pale kituoni kwetu hapakosi mtu wa kuniuliza mashine ya breli, yale maandishi ya nundu ambayo asiyeona husoma kwa kidole, ni bei gani. Aja mama na mwanawe, au mtu mzima ambaye presha ya macho imemmalizia kuona, na kabla hajakaa vizuri kwenye kiti ashauliza mashine. Naelewa, manake picha iliyoko vichwani mwa watu ni ile Perkins, lile dude la chuma la karibu kilo 5, vibonye sita vya nukta na kimoja cha nafasi, latengenezwa tangu 1951 na ni mashine nzuri sana, sina ugomvi nayo. Lakini mimi humjibu kila mtu vile vile: kwani ulivyoanza nasari ulipewa taipureta ama ulipewa penseli?

Penseli ya breli ni sleti na stailasi. Sleti ni vibao viwili vya plastiki au chuma vilivyoshikana kwa bawaba upande wa kushoto, vyafunguka kama kitabu. Kibao cha juu kina safu za vidirisha vidogo, cha chini kina vishimo, yaani chini ya kila kidirisha kuna vishimo sita. Karatasi yakaa katikati na kuna vimisumari vidogo kwenye pembe vyaishika isicheze. Stailasi ni kijichuma kifupi chenye ncha, kimetiwa kirungu cha mbao au plastiki kinachoenea ndani ya kiganja. Wadidimiza ncha kwenye kidirisha, karatasi yabonyea ndani ya kishimo, na upande wa pili yatokeza nundu. Ndiyo hivyo tu. Hakuna chaji, hakuna stima kupotea, na ile sleti ndogo ya mistari 4 yaingia mfuko wa shati.

Kabla sijampa mtu sleti humpa trei ya mayai. Kata trei ubakishe vikombe sita, viwili kwa upana, vitatu kwa urefu, halafu tafuta komwe sita za bao au hata ndimu ndogo. Hivyo vikombe sita ndivyo tunaita seli. Ukisoma, safu ya kushoto kutoka juu ni nukta ya 1, 2, 3, na ya kulia ni 4, 5, 6. Komwe moja kwenye 1 ni a. Kwenye 1 na 2 ni b. Kwenye 1 na 4 ni c. Michanganyiko yote ya nukta hizo ni 63, na usitishike, manake herufi zina mpango wake: a mpaka j zatumia nukta nne za juu tu, yaani 1, 2, 4 na 5, halafu k mpaka t ni zile zile kumi ukiongeza nukta ya 3 chini, kwa hivyo ukishajua a ushajua k, ukishajua b ushajua l. Kisha u, v, x, y, z ni a, b, c, d, e ukiongeza 3 na 6. Mwaona nimeruka w? Louis Braille alikuwa Mfaransa na alfabeti ya Kifaransa ya wakati wake haikuwa na haja na w, ikaja kuongezwa baadaye nje ya mpango, yenyewe ni 2, 4, 5, 6. Kwa Mfaransa si tabu, lakini sisi tuna wewe, watu, wali, wapi, kwa, kwao, basi hiyo herufi moja isiyofuata mpango ndiyo twakutana nayo kila mstari. Ishike kwa moyo tu.

Sasa tuje penye tabu yenyewe. Ukitumia sleti waandika upande wa nyuma wa karatasi, nundu zatokeza upande wa pili, kwa hivyo waandika kutoka kulia kwenda kushoto ili ukiigeuza karatasi isomeke kushoto kwenda kulia. Hapo ndipo watu wanapokata tamaa. Na sisi walimu tumechangia, miaka mingi nimekuwa nikiwaambia watu "andika kama kwenye kioo", mpaka siku moja mzee mmoja wa Likoni, kule kunakovukwa kwa feri kutoka Mombasa mjini, zamani dereva wa lori, akaweka stailasi chini akaniambia, "Mwalimu, kioo sijakiona huu mwaka wa tatu, sasa waniambia mambo ya kioo kwani wanitania?"

Nikanyamaza. Halafu nikamuuliza, "Mzee wangu, wewe waishi Likoni, ukisema waenda ng'ambo wamaanisha wapi?"

"Si town."

"Na ukishashuka feri uko town, ng'ambo ni wapi?"

"Si Likoni sasa," akaanza kucheka mwenyewe kabla sijafika mwisho.

Tangu siku hiyo sijataja kioo tena. Kila seli ina huku na ina ng'ambo. Huku ni safu ile unayoifikia kwanza, na hiyo siku zote ni 1, 2, 3. Ng'ambo ni safu ya pili, siku zote 4, 5, 6. Ukisoma watoka kushoto, kwa hivyo huku ni safu ya kushoto. Ukiandika kwenye sleti watoka kulia, kwa hivyo huku ni safu ya kulia. Namba hazibadiliki, herufi haibadiliki, kilichobadilika ni umeshukia gati gani. Mtu akishaliweka hili kichwani hana haja ya kujifunza alfabeti mbili, moja ya kusoma na moja ya kuandika, na nimeona watu wakijitesa hivyo kabisa, wana chati mbili mkobani.

Na kuna bahati moja ambayo lugha yetu imetupa. Herufi nne, a, b, k na l, ziko huku tupu, hazigusi ng'ambo hata kidogo: a ni 1, b ni 1 na 2, k ni 1 na 3, l ni 1, 2, 3. Kwa hizo nne waandika baba, kaka, lala, kabla, na kwa Kiswahili chetu cha hapa pwani waandika sentensi nzima, "baba kalala". Ndiyo sentensi ya kwanza naowapa watu wote, mtoto na mtu mzima. Anza kidirisha cha mwisho kulia, mstari wa juu. Nukta 1 na 2 kwenye safu ya kulia, b. Kidirisha kinachofuata kushoto, nukta 1 tu, a. Tena b, tena a. Ruka kidirisha kimoja, hiyo ndiyo nafasi. Kisha k, a, l, a, l, a. Toa karatasi, igeuze kama unavyogeuza ukurasa wa kitabu, pitisha kidole kutoka kushoto. Mtu akisoma mwenyewe alichoandika mwenyewe kwa mara ya kwanza, uso wabadilika, sitachoka kuuona huo uso.

Siku ya pili ndiyo twavuka ng'ambo, na hapo jihadhari na jozi hizi: e na i, d na f, h na j, r na w. Hizo ukichanganya huku na ng'ambo moja yageuka kuwa nyingine. Andika "jiji" kwa kupindua pande uone, itasomeka "hehe". Kuna kijana alituandikia eti Mombasa ni hehe, darasa zima likacheka na sidhani kama alikosea tena. Lakini herufi nyingi zikipinduliwa hazitoi herufi yoyote ya kawaida, kwa hivyo kidole chenyewe chakwambia hapa pameharibika. Zenye hila ni hizo nane.

Namba ni rahisi: watanguliza alama ya namba, nukta 3, 4, 5, 6, kisha a ni 1, b ni 2, mpaka i ni 9 na j ni 0. Alama yatosha mara moja mwanzoni, kwa hivyo 999 ni alama halafu i tatu. Ch, sh, ng' na wenzao andika herufi moja moja kwa sasa, breli ya vifupisho ipo, itakuja baadaye.

Mkono nao wafundishwa. Kirungu kikae kwenye kiganja chini ya kidole cha shahada, ncha isimame wima, usiilaze kama kalamu ya wino, ukiilaza nundu yatoka imepinda na karatasi yachanika. Sukuma mpaka usikie tok. Mkono wa kushoto usikae bure, kidole kimoja kiwe mbele ya stailasi kinashika kidirisha kinachofuata, hivyo hupotei hata mtu akikusemesha katikati. Zoezi la kwanza kabisa, kabla ya hata baba kalala, ni kujaza seli nzima, nukta sita, mstari mmoja kisha wa pili, upate kuzijua pembe. Lachosha ndiyo, lakini lifanye.

Kama sleti hamjapata, ya mazoezi waweza kuanzia nyumbani. Tandika kipande cha kandambili iliyokatika au madaftari mawili ya zamani, weka karatasi ngumu juu, na stailasi tengeneza kwa msumari uliotiwa kishikio cha kijiti kinene au kizibo cha chupa. Msumari wenyewe usiutumie mkali ulivyotoka dukani, usugue kwa msasa au kwenye saruji mpaka ncha iwe ya mviringo, wataka ibonyeze, haitakiwi itoboe. Kwenye breli ya kawaida nukta zaachana kama milimita 2.5 ndani ya seli moja, kwa hivyo bila vidirisha mistari itayumba, sawa, yajulikana, hiyo ni ya kuzoea tu na barua ya maana usiiandikie hapo. Wengine huenda kwa fundi viatu kuomba msharasi. Msharasi wafaa ukishapunguzwa ncha, ila kwa watoto simamieni, manake Louis Braille mwenyewe, aliyezaliwa 1809 kijiji cha Coupvray, baba yake akiwa fundi wa ngozi, aliumia jicho kwa chombo cha namna hiyo hiyo kwenye karakana ya babake akiwa na miaka 3, kidonda kikaingia ubaya kikachukua na jicho la pili. Kufika 1824 ana miaka 15 tu alikuwa ashapanga hizi nukta sita, na kitu anachoandikia ni kama kilekile kilichomtoa macho.

Karatasi. A4 ya kawaida ya fotokopi yatoboka, usijisumbue. Manila ndiyo karatasi, na kama hela hakuna kalenda ya ukutani ya mwaka uliopita yafaa sana, au jalada la faili kuukuu. Lakini sisi tuna jambo ambalo wenzetu wa bara hawalijui vizuri, nalo ni huu unyevu wetu. Karatasi ya breli ikivuta unyevu yalegea, na nundu zikiguswa guswa zalala, barua ulioandika kabla ya masika waichukua baada ya masika waona kama mtu kaipiga pasi. Wekeni kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa, msirundike vitabu juu yake, na jamani msizikalie. Stailasi nayo yapata kutu kwa hewa ya chumvi, ipanguse na tone la mafuta ya nazi.

Ukikosea, geuza karatasi uilaze ile nundu kwa ukucha, au kama neno zima limeharibika jaza seli zake nukta zote sita halafu andika upya mbele yake. Msomaji ataelewa.

Vijana huniambia, mwalimu simu yaongea siku hizi, breli ya nini? Simu ni nzuri, hata mimi natumia. Lakini simu yakusomea, haikuonyeshi neno laandikwaje, na nina wanafunzi wazima walio na simu za kuongea miaka mingi, ukiwaambia waandike "mheshimiwa" jasho lawatoka. Halafu kuna mambo ambayo ni yako wewe. Mwanafunzi wangu mmoja alipeleka barua yake ya breli kwenye ofisi fulani ya hapa mjini, ameiandika mwenyewe kurasa mbili, akaambiwa akalete mtu amwandikie "vizuri". Ibara ya 54 ya Katiba ya Kenya ya 2010 imesema wazi mtu mwenye ulemavu ana haki ya kutumia lugha ya ishara, breli au njia nyingine ya mawasiliano inayomfaa. Tuliirudisha ile barua pale pale, safari hii na nakala ya hiyo ibara juu yake, na ikapokewa.

Na kuna jikoni. Iliki yajulikana kwa harufu, mdalasini pia, bizari hata aliye mlango wa pili aijua. Chumvi na sukari hazina harufu. Yule mzee wangu wa Likoni alishatia chumvi kwenye chai ya wageni mara mbili, na mkewe akawa hamruhusu kugusa kopo lolote. Nikamfundisha kukata kipande cha plastiki ngumu kwenye chupa ya sabuni iliyokwisha, akitie kwenye sleti kama karatasi, aandike, atoboe tundu akifunge na uzi shingoni mwa kopo. Plastiki haijali mvuke wala mkono wenye maji. Shida yake moja, nundu za plastiki hazilali kwa ukucha, ukikosea ushakosea.

Wiki iliyofuata akaniletea kibandiko chake nikikague. Nikapitisha kidole: c, h, u, m, v, halafu e. Chumve. Nikamwambia baba, hapa mwisho umevuka ng'ambo vibaya. Akakichukua, akakipapasa mara mbili, akakirudisha mfukoni. "Wacha kikae hivyo hivyo," akasema, "mke wangu yeye hasomi breli, na mimi chumve nshaizoea."