Lida si kiongozi

Agosti, mwaka wa witiri, maana samaki aitwaye samoni wa pinki huingia Puget Sound, ghuba ya jimbo la Washington, Marekani, kwa wingi miaka ya witiri tu. Nimesimama ufukweni Point No Point, rasi isiyo rasi, jina lililobaki tangu msafara wa Charles Wilkes wa 1841, na tangu asubuhi sijapata kitu. Kijana mmoja wa Tanga akanijia na boksi lake la vifaa. "Shikamoo mzee. Nimenunua kiongozi wa paundi hamsini, atafaa?"

Marahaba nilimwitikia. Paundi ni uzito ambao uzi hustahimili kabla ya kukatika. Lakini hilo "kiongozi", tafsiri ya neno la Kiingereza leader, yaani lida, nimelisikia mara nyingi mno mwaka huu, na leo nimechoka nalo.

Lida ni kipande cha uzi wa aina nyingine, kama mita moja au moja na nusu, kinachofungwa kati ya mshipi mkuu na jigi, yaani chambo bandia cha chuma. Basi.

Kwa Kiingereza jina limetokana na kutangulia: ndicho kipande kilicho mbele kabisa, upande wa samaki. Hakiongozi chochote. Kinakwenda kinakorushwa, kama chubwi. Waingereza wanaovua baharini huita tresi, na hakuna aliyewahi kudhani tresi ni mheshimiwa. Wajapani, ambao kwa mambo ya ndoana huwawezi, wametenganisha vizuri zaidi: mshipi mkuu ni michiito, yaani uzi wa njia, na kile kipande cha mwisho ni harisu, na hiyo hari ndani yake ni ndoana. Uzi wa njia na uzi wa ndoana. Mtu akisikia hivyo haulizi tena vipande viwili ni vya nini.

Zamani kipande hiki kilitolewa tumboni mwa kiwavi wa hariri. Kiwavi alilowekwa kwenye siki, kisha tezi zake za hariri zikavutwa mpaka zikawa uzi mgumu unaong'aa. Murcia, Hispania, ndiko kazi hiyo ilikoshamiri. Kila uzi ulikuwa mfupi, ikabidi kuunga fundo kwa fundo, na kabla ya kuvua uliulowesha kwanza, la sivyo ulikatika mkononi. Kampuni ya DuPont ya Marekani ilipotangaza nailoni mwaka 1938, kiwavi akaanza kupumzika. Ninachotaka uone ni kwamba tangu wakati wa kiwavi watu walikubali taabu yote hiyo kwa sababu mshipi mkuu ulikuwa mnene na unaonekana, na samaki ana macho. Nguvu haikuwa sababu.

Hapo ndipo "paundi hamsini" inaponiudhi kuliko hata "kiongozi". Kwetu pwani, anayevua nguru au mzia hufunga kipande cha waya mbele ya ndoana, kwa kuwa meno yao hukata mshipi kama wembe. Kijana amekulia hapo, kwa hiyo kwake kipande cha mbele lazima kiwe kigumu kupita kingine. Kwa waya ni kweli. Wanaorusha chubwi zito kwa nguvu nao hufunga mbele uzi mnene ili usikatike wakati wa kurusha, na huo huitwa shoku lida. Ni kweli vilevile. Lakini jigi ya samoni ina gramu 30 au 40, na pinki hana meno ya nguru. Kazi ya lida yake ni nyingine kabisa.

Mshipi mkuu siku hizi ni wa kusuka. Wa paundi 20 unene wake ni karibu sawa na nailoni ya paundi 6, ndiyo maana jigi inafika mbali. Lakini ni uzi usionyumbuka hata kidogo, unaelea, unaonekana, na ukigusa kokoto au kome unachanika. Sasa pinki mdomo wake ni laini kama mkate uliolowa. Akitikisa kichwa na mshipi haunyumbuki, ndoana inapasua nyama na kuchomoka, tena hapa sheria inataka ndoana isiyo na lile jino la kuzuia. Mita moja na nusu ya nailoni inanyumbuka kidogo, na kidogo hicho kinamtosha.

Fluorokaboni, uzi mwingine wa plastiki, je? Kampuni ya Kureha ya Japani iliileta mwaka 1971, na wauzaji watakuambia haionekani majini. Inaonekana. Maji hupinda mwanga kwa 1.33, fluorokaboni 1.42, nailoni kama 1.53, imekaribia maji tu, haijawa maji. Mimi naipendea ugumu wake kwenye mawe, na kwamba inazama. Mawe yakiwa mengi nafunga hiyo, kukiwa na mchanga nafunga nailoni, zote za paundi 12 hadi 15. Ziwe dhaifu kuliko mshipi mkuu makusudi: jigi ikinasa, kikatike kipande cha mbele, nisiache mita hamsini za uzi baharini zikisubiri mguu wa ndege.

Nilimwomba anionyeshe lida yake. Alikuwa na Buzz Bomb, ile jigi ya Vancouver Island, kisiwa cha Kanada, ambayo uzi hupita katikati yake na chuma kikawa kinateleza juu chini. Nikapitisha kucha sentimita chache juu ya fundo: uzi umeparara, umekuwa mweupe. Tukakata, tukafunga upya.

"Kwa hiyo nimwiteje, mzee?" Mwite lida, mwanangu, au sema kipande cha mbele kama alivyosema marehemu babu yangu. Na nikikuuliza lida yako ikoje usianze na paundi. Nitajie kwanza ni nailoni au fluorokaboni.