Wastani wa kundi: dhana inayoamua nani anaonewa kwenye mchezo wa kutabiri mechi

Katika mchezo wa kutabiri matokeo mtandaoni, kila mtu ana pointi zake. Umeandika 2-1, mechi imeisha 2-1, unapata pointi kamili. Ukipatia mshindi lakini ukakosea mabao, unapata pungufu. Hapo hakuna ugomvi. Ugomvi huja watu wanapojiunga kwa makundi na makundi hayo yakawekewa msimamo wake. Kundi moja lina watu 4, jingine lina 60. Utayalinganisha vipi?

Ukijumlisha pointi zote, kundi kubwa limeshashinda kabla filimbi haijapulizwa. Ndipo unapokuja wastani: jumla ya pointi za kundi, gawanya kwa idadi ya wanachama. Wengi huishia hapo wakiamini haki imetendeka. Mimi naona kazi ndiyo kwanza inaanza.

Chukua dadu 3 uzirushe. Ili wastani wake ufike 5, jumla lazima iwe 15 au zaidi. Dadu hizo zinaweza kuanguka kwa namna 216, na kati ya hizo 20 zinakupa jumla hiyo, yaani karibu mara moja katika kila mirusho 11. Sasa rusha dadu 12. Nafasi ya kupata wastani uleule wa 5 haifiki hata moja kwa mia. Dadu ni zilezile, hakuna iliyo hodari kuliko nyingine. Kilichobadilika ni wingi wake tu. Kwa hiyo, kwenye msimamo unaotegemea wastani mtupu, makundi madogo ndiyo huelekea kukaa kileleni, na makundi madogo hayohayo ndiyo huburura mkia. Makubwa hubanana katikati. Watu 3 wenye bahati ya wiki mbili wanaonekana mabingwa. Dawa yake ni kuweka idadi ya chini: kundi lisilofikisha watu 5, tuseme, lisiingie kwenye msimamo.

Lakini wastani una ubaya mwingine, na huu ndio unaoniuma zaidi. Tuchukue kundi la watu 4 wenye pointi 61, 58, 55 na 22. Jumla ni 196, wastani 49. Msimamizi wa kundi akimtoa yule mwenye 22, wanabaki watatu wenye 174, na wastani unaruka hadi 58. Kundi limepanda pointi 9 bila mtu yeyote kutabiri chochote kipya. Niliwahi kumwona mtu mzima, ambaye hakuwa akikosa kutabiri hata mechi moja, akifungua simu asubuhi na kukuta hayumo tena kundini, na wenzake wote kimya. Aliyetunga kanuni hakumkusudia mabaya, ila kanuni yenyewe iliwalipa wenzake wamfukuze. Inazuilika kwa urahisi: orodha ya wanachama ifungwe mechi ya kwanza inapoanza, na anayetoka baada ya hapo aziache pointi zake, na nafasi yake, kwenye hesabu ya kundi.

Njia nyingine ni kuhesabu walio bora tu. Mbio za nyika zimeitumia miaka mingi: katika mashindano ya vyuo vya Marekani, timu hukimbiza watu 7 na wanaohesabiwa ni 5 wa mbele. Yule wa saba hamvuti mtu chini, kwa hiyo hana wa kumfukuza. Naipenda sana njia hii. Ila wanaoiiga husahau ile namba 7. Bila kikomo cha wakimbiaji, kundi la watu 60 linachagua 5 bora kati ya 60, na kundi la watu 5 linachukua wote walivyo, mzima na mgonjwa.

Bila kikomo hicho, akaunti hewa nazo huingia. Mechi ina matokeo matatu: ushindi huku, ushindi kule, au sare. Mtu mwenye akaunti tatu anaweka kila moja upande wake, na moja lazima ipatie. Kwa mechi mbili angehitaji akaunti 9, kwa tatu 27, kwa hiyo kuziba kila tundu hakuwezekani kwa muda mrefu. Lakini hana haja ya kuziba yote. Anabahatisha kwa akaunti nyingi, zilizoharibika hazihesabiwi, iliyobahatika inapanda. Kwenye wastani, akaunti hizo zingelirudisha kundi nyuma. Kwenye hesabu ya walio bora zinalinyanyua. Kanuni ya wastani inakuletea wafukuzaji, kanuni ya walio bora inakuletea mizuka, na msimamizi wa mchezo anapaswa kujua yupi atamgongea mlango kabla hajachagua. Viti 10 kwa kila kundi na 5 wa kuhesabiwa: hapo kila akaunti hewa inakula kiti cha mtu halisi.

Jambo la mwisho ni nani anaona nini, na lini. Tarehe 25 Juni 1982, mjini Gijón, Hispania, Ujerumani Magharibi na Austria zilicheza mechi ya mwisho ya kundi lao la Kombe la Dunia zikijua tayari matokeo ya Algeria, waliokuwa nao kundi moja, ya siku iliyotangulia. Ushindi wa bao 1-0 kwa Wajerumani ulizipitisha zote mbili, bao likapatikana mapema, na muda uliobaki mpira ukapigwa pasi zisizokwenda popote. Algeria ikatolewa. Tangu Kombe la Dunia la 1986, mechi za mwisho za kila kundi huchezwa kwa wakati mmoja. Kwenye utabiri ni vilevile: kundi linaloongoza kwa pointi 6, likiweza kuona tabiri za wanaolifuata, linazinakili tu, na pengo la 6 linabaki 6 hadi msimu uishe. Kwa hiyo tabiri zifichwe, zifungwe filimbi ya kwanza inapolia, kwa saa ya seva wala si ya simu ya mtu, na baada ya hapo zifunguliwe kwa wote kwa pamoja.