RRDtool: grafu huharibikia kwenye `create`

Grafu nyingi za RRDtool (programu ya kuhifadhi vipimo vya kila mara na kuvichorea grafu) zinazopotosha hazikuharibikia kwenye amri ya `graph`. Ziliharibika siku faili lilipoundwa, kwa mstari wa `create` ulionakiliwa mahali bila kueleweka. Ndiyo maana nitakaa zaidi hapo, na mengine nitayapitia upesi.

RRDtool, ambayo Tobias Oetiker aliitoa mwaka 1999, huweka vipimo katika faili lisilokua. Nafasi zote hutengwa mwanzoni. Zikijaa, kipimo kipya huandikwa juu ya kile kikongwe zaidi. Huhitaji kufuta data ya zamani, wala diski haitajaa kwa sababu yake. Ila ni lazima uamue mapema unataka kuona nini, kwa undani gani, na kwa muda gani.

Tuchukue kadi ya mtandao ya gigabiti 1 kwenye seva ya Linux, inayopimwa kila dakika 5 (sekunde 300; hiyo ndiyo hatua, `--step`):

```
rrdtool create eth0.rrd --step 300 \
  DS:ingia:DERIVE:600:0:125000000 \
  DS:toka:DERIVE:600:0:125000000 \
  RRA:AVERAGE:0.5:1:2304 \
  RRA:AVERAGE:0.5:12:2400 \
  RRA:AVERAGE:0.5:288:1825 \
  RRA:MAX:0.5:12:2400 \
  RRA:MAX:0.5:288:1825
```

Kila `DS` ni chanzo cha data. Baada ya jina (lisizidi herufi 19) inakuja aina. `GAUGE` huhifadhi thamani kama ilivyo: joto, kumbukumbu iliyotumika, idadi ya watumiaji. Kaunta ya baiti, yaani jumla ya baiti zilizopita kwenye kadi, hupanda tu, kwa hiyo tunachotaka ni kasi ya kupanda kwake kwa sekunde, na RRDtool hupiga hesabu hiyo yenyewe.

Wengi hapo huchagua `COUNTER`. Mimi huchagua `DERIVE` yenye kima cha chini 0. Seva ikizimwa na kuwashwa, kaunta hurudi sifuri. `COUNTER` ikiona thamani mpya ni ndogo kuliko ya awali, hudhani kaunta ilifika mwisho wa biti 32 ikaanza upya, kwa hiyo huongeza 2^32. Tofauti ikibaki hasi, hudhani ni ya biti 64. Matokeo yake ni mnara wa uongo unaobana grafu nzima iwe mstari bapa chini yake. `DERIVE` hupata kasi hasi, kima cha chini huikataa, na kipimo kimoja kinabaki tupu. Pengo la dakika 5 ni ukweli. Mnara ule si ukweli.

Kama unasoma kifaa kwa SNMP (itifaki ya kuuliza vifaa vya mtandao hali yao), usitumie kaunta za biti 32 kwenye gigabiti 1. Mtandao ukijaa, kaunta hizo huzunguka kila baada ya sekunde 34 hivi, na kwa kupima kila dakika 5 huwezi kujua zimezunguka mara ngapi. Soma `ifHCInOctets` na `ifHCOutOctets`, ambazo ni za biti 64.

Namba 600 ni muda wa subira: sekunde ambazo vipimo viwili vinaweza kupishana kabla kipindi hicho hakijahesabiwa kuwa hakijulikani. Kosa la kawaida ni kuiweka 300, sawa na hatua. Cron (kipanga kazi cha Linux kinachoendesha hati yako ya kupima) ikichelewa sekunde 2 tu, zimeshapita 302, na faili linajaa `nan` (thamani isiyojulikana) ingawa hati yako inafanya kazi vizuri kabisa. Weka angalau mara mbili ya hatua. Namba ya mwisho, 125000000, ni gigabiti 1 kwa baiti. Chochote kinachozidi hapo hakiwezekani, kwa hiyo hukataliwa.

Kila `RRA` ni hifadhi. Ya kwanza huweka kila kipimo, nafasi 2304, yaani siku 8. Kwa nini si 2016, ambazo ni siku 7 kamili? Kwa sababu ukiomba grafu ya siku 7, mwanzo wake unaweza kuangukia nje kidogo ya hifadhi hiyo, na RRDtool itachukua hifadhi yenye undani mdogo zaidi. Acha nafasi ya ziada siku zote. Zinazofuata huunganisha vipimo 12 (saa moja) kwa siku 100, na vipimo 288 (siku moja) kwa miaka 5. Ile 0.5 inaruhusu hadi nusu ya vipimo vinavyounganishwa viwe tupu. Faili zima ni kilobaiti 175 hivi.

Hifadhi za `MAX`, zinazoweka kilele badala ya wastani, ndizo watu husahau, na hazina mbadala. Mtandao ukijaa megabiti 1000 kwa dakika 5 kisha ukatulia, wastani wa saa hiyo ni megabiti 83; wastani wa siku ni 3.5. Bila `MAX`, baada ya miezi minne utaapa kwamba laini haikuwahi kujaa.

Kuingiza data ni mstari mmoja kwenye hati inayoitwa na cron kila dakika 5:

```
D=/sys/class/net/eth0/statistics
rrdtool update /var/lib/rrd/eth0.rrd \
  N:$(cat $D/rx_bytes):$(cat $D/tx_bytes)
```

`N` ni sasa hivi. `DERIVE` hukubali namba kamili tu, usiipe desimali. Kipimo cha kwanza hakitaonyesha kitu, maana kasi huhitaji vipimo viwili. Usishangae pia ukiingiza 7 kwenye `GAUGE` na kusoma 6.83: thamani hupangwa upya zilingane na mipaka ya hatua. Hifadhi za siku nazo hukata siku saa sita usiku ya UTC, si ya saa za kwako.

Grafu yenyewe:

```
rrdtool graph wiki.png -s -7d -w 800 -h 240 -l 0 \
  DEF:w=eth0.rrd:ingia:AVERAGE \
  DEF:k=eth0.rrd:ingia:MAX \
  'CDEF:wb=w,8,*' 'CDEF:kb=k,8,*' \
  'VDEF:juu=kb,MAXIMUM' \
  'AREA:wb#7FB77E:Wastani' \
  'LINE1:kb#B22222:Kilele' \
  'GPRINT:juu:%6.1lf %sb/s'
```

`DEF` husoma data kutoka kwenye faili, `CDEF` huipigia hesabu, na `VDEF` hutoa namba moja kutokana nayo. Hesabu huandikwa alama ikiwa mwisho: `w,8,*` ni w mara 8, baiti zigeuke biti. Alama za nukuu ni za lazima, la sivyo sheli itaivamia nyota. Nukta mbili ndani ya maelezo huandikwa `\:`.

Kama tayari una faili la `COUNTER` lenye minara, linatibika. Simamisha cron, nakili faili pembeni, kisha:

```
rrdtool tune eth0.rrd -d ingia:DERIVE \
  -i ingia:0 -a ingia:125000000
rrdtool dump eth0.rrd eth0.xml
rrdtool restore -r eth0.xml mpya.rrd
```

Rudia `tune` kwa `toka` kabla ya `dump`. Ile `-r` hufuta kila thamani iliyo nje ya mipaka. Mnara ulio chini ya mipaka utabaki. Huo utafute ndani ya XML (faili la maandishi linalotolewa na `dump`) kwa saa yake na uweke `NaN` kabla ya `restore`. Njia hiyohiyo ya `dump` na `restore` ndiyo ya kuhamishia data kwenye mashine ya aina nyingine, kwa kuwa faili la `.rrd` hufuata muundo wa prosesa ya mashine iliyoliunda.