Tablo za hotelini: tunayoambiana Lubumbashi na yaliyo kweli

"Ni za kupamba ukuta tu." Kwa hoteli nyingi, ndiyo: tablo, yaani picha za kuchora, zimechaguliwa zilingane na rangi ya viti. Lakini zipo hoteli zilizoanzishwa ili kazi za sanaa za mwenyewe zionekane. 21c ya Louisville, Marekani, ilifunguliwa mwaka 2006 na mke na mume, Laura Lee Brown na Steve Wilson, wakusanyaji wa sanaa ya kisasa. Ina kumbi kamili za maonyesho.

"Bila chumba hupiti mlangoni." Louisville kutazama ni bure, hata kwa asiyelala hapo. Kwetu, vaa vizuri, agiza kahawa, kisha omba ruhusa mapokezini. Mlinzi asikutishe.

"Mkusanyiko ni wa mabilionea." Huko La Colombe d'Or, kijiji cha Saint-Paul-de-Vence, Ufaransa, mwenye hoteli Paul Roux alikuwa akipokea tablo kwa wachoraji badala ya pesa ya chakula na malazi. Baadaye zikawa za thamani kiasi kwamba mwaka 1960 wezi walizivamia.

"Sanaa ya maana inatoka Ulaya, ya hapa ni ya kuuzia wageni." Hii ndiyo inayoniudhi. Mji ukiwa bado unaitwa Élisabethville, mwaka 1946, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua hapa hapa karakana ya Le Hangar, na hakutaka wachoraji wake waige Wazungu. Pilipili Mulongoy akachora ndege, samaki na nyoka. Bela Sara aliacha brashi, akapaka rangi kwa ncha za vidole. Mwenze Kibwanga alijaza tablo nzima kwa vistari vifupi vifupi. Mwaka 2015 kazi za hao watatu zilitundikwa Paris, kwenye jumba la sanaa la Fondation Cartier, katika maonyesho makubwa ya sanaa ya Kongo. Tena kuna Tshibumba Kanda-Matulu, aliyechora historia ya nchi miaka ya 1970, tablo mia moja hivi, kwa mwanaanthropolojia Johannes Fabian. Zimehifadhiwa Amsterdam! Mtoto wa Kamalondo, mtaa wetu hapa Lubumbashi, anayetaka kuziona atafute kwanza viza. Tajiri wetu anayejenga hoteli na kuagiza mabango ya mnara wa Eiffel angefikiria hilo kidogo.

"Nimeinunua, nafanya nayo nitakavyo." Umenunua kitu, si haki ya mchoraji. Sheria ya Kongo ya mwaka 1986 inamlinda mtunzi, kwa hiyo kuichapa tablo kwenye menyu au kalenda ya hoteli kunahitaji kibali chake, au cha warithi.

"Ikishatundikwa, basi." Hapana. Vumbi jekundu la kiangazi, unyevu wa masika, kiyoyozi kinachowashwa na kuzimwa: vyote vinaila. Kazi ya karatasi haipendi mwanga unaozidi lukzi 50 hivi (lukzi ni kipimo cha mwanga). Ukiiona inatazamana na dirisha kubwa, mwambie meneja leo, maana rangi iliyopauka kwa jua hairudi.