Dipu steti: maana yake na lilikotoka neno

Ukiketi kwenye baraza za Mkunguni, Lamu, msimu wa uchaguzi, neno hili utalisikia kahawa haijapoa. Wengine husema "mfumo", au "wenyewe" tu. Maana yake: nyuma ya serikali iliyopigiwa kura ipo nyingine, ya wakuu wa usalama, makatibu na matajiri, isiyong'oka, na hiyo ndiyo inayoamua.

Asili yake ni Uturuki: derin devlet, ambalo kwa Kiingereza ni deep state. Derin ni -enye kina, kama bahari. Devlet ni ndugu wa dola letu, maana yote mawili yametoka Kiarabu. Lilivuma baada ya tarehe 3 Novemba 1996, Mercedes ilipogongana na lori karibu na mji wa Susurluk. Garini mlikuwa na mkuu wa polisi, mbunge, na Abdullah Çatlı, aliyesakwa kwa mauaji ya wanafunzi saba ya mwaka 1978, naye ana hati rasmi zenye jina bandia. Kwa Waturuki, basi, neno lilisimama juu ya hati na majina. Marekani lilishika kasi tangu 2017, enzi za Donald Trump, likalegea mno: hata karani aliyefuata sheria badala ya matakwa ya mkubwa aliitwa dipu steti.

Kwetu Kenya lilitawala vinywa kabla ya uchaguzi wa Agosti 2022. Wengi waliapa kwamba Raila Odinga, aliyeungwa mkono na rais aliyekuwa madarakani, hawezi kushindwa. William Ruto akatangazwa mshindi kwa asilimia 50.49 dhidi ya 48.85. Ukisema tena kuwa "wenyewe" walihamia upande wa pili, dhana imekufa: akishinda huyu ni wao, akishinda yule ni wao.

Dola hudhulumu kwa siri, hilo halina ubishi. Lakini anayelitaja neno aulizwe: nani, wa ofisi gani, kwa amri ipi? Wavuvi wa Lamu walipoona bandari mpya inawafungia maeneo yao ya uvuvi, hawakushitaki kivuli. Walizitaja taasisi za serikali katika kesi ya mwaka 2012, wakalalamika kwamba hawakupewa habari wala kushirikishwa ipasavyo. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ikaamuru walipwe shilingi bilioni 1.76.