Je, wajua kwa nini mgonjwa wa tiba shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia maumivu na mateso mwenye ugonjwa mzito, hunyweshwa dawa hata kabla hajalalamika?

Mama mkubwa tulimuuguza nyumbani, Newala, mkoani Mtwara. Saratani ya shingo ya kizazi ilikuwa imeshasambaa. Muuguzi aliyekuwa akitutembelea alituachia chupa ya mofini ya maji, dawa kali ya maumivu, na bomba la sindano lisilo na sindano, la kupimia. Akachukua kipande cha boksi, akaandika kwa kalamu nene: saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8 mchana, saa 12 jioni, saa 4 usiku. Tukakitundika ukutani juu ya kitanda.

Siku mjomba alipofika alimkuta dada yake anasimulia mambo ya ujana wao, anacheka. Mimi nikanyanyuka kumnywesha dawa. Mjomba akanishika mkono: "Mwanangu, mbona unampa naye haumwi?"

Haumwi kwa sababu anapewa. Mofini ya kunywa huchukua kama nusu saa kuanza kazi, na nguvu yake hudumu takriban saa 4. Ukingoja mpaka mgonjwa alie, anakaa na maumivu muda wote ambao dawa inajivuta, na maumivu yaliyokwisha kupanda huwa magumu kuyashusha. Baya zaidi ni ile hofu: mtu anashindwa kulala akijua yanarudi. Nilimkumbusha mjomba mikorosho yake. Salfa hupulizwa kwa ratiba, maua yakiwa bado mazima. Anayesubiri ubwiri unga, ule ukungu wa mikorosho, uyakaushe ndipo atafute mashine ya kupulizia amechelewa. Hapo alielewa, na tangu siku ile yeye ndiye akawa anauliza, "Saa nane bado?"

Dozi ya saa 4 usiku mara nyingi huongezwa, kwa maelekezo ya daktari, ili mgonjwa asiamshwe saa 8 usiku.

Kuna maneno yanayosemwa juu ya mofini, na yanawaumiza watu bure. Kwamba inaua. Kwamba mgonjwa atakuwa teja. Ikipimwa inavyotakiwa, ikianza kidogo na kupandishwa taratibu, haimharakishii mtu kifo, na mwenye maumivu ya saratani ni nadra sana kugeuka mraibu. Siku za mwanzo atasinzia, huenda akasikia kichefuchefu, kisha hupungua. Kisichopungua ni kufunga choo, kwa hiyo dawa ya kulainisha choo huenda pamoja na mofini tangu siku ya kwanza. Wala isikatishwe ghafla, hushushwa polepole.

Utaratibu huu wa kufuata saa ulisisitizwa sana na Cicely Saunders, aliyekuwa muuguzi, kisha ofisa wa ustawi wa jamii, kisha daktari. Mwaka 1967 alifungua hospisi, nyumba ya kuwatunza wagonjwa wasioweza kupona, iitwayo St Christopher's jijini London. Mwaka 1993 daktari Anne Merriman akaanzisha hospisi Uganda, ambako unga wa mofini huchanganywa na maji, ikapatikana dawa ya bei nafuu ambayo mgonjwa anaweza kuinywa kwake. Ndiyo maana kwetu hospisi si lazima iwe jengo. Inaweza kuwa chumba cha mama mkubwa.

Saunders alisema pia kwamba maumivu hayakai mwilini tu. Nimeliona hilo. Mama mkubwa alikuwa na kidonda chenye harufu kali, na majirani walianza kuishia barazani. Yeye alijua sababu. Muuguzi akatuonyesha kusaga vidonge vya metronidazoli na kunyunyiza unga wake juu ya kidonda kilichosafishwa, kwa sababu harufu ile hutoka kwa bakteria waishio pasipo hewa, na dawa hiyo huwaua. Baada ya siku chache harufu ilipungua sana. Wanawake wakarudi kukaa mkekani. Tangu hapo alianza kuomba uji mwenyewe.

Lingine lililomuumiza lilikuwa fedha za korosho zake katika chama cha msingi cha wakulima. Hakuna dawa ya maji iliyomtuliza mpaka mjomba alipokaa naye, wakapatana nani atapokea na watoto wangapi watalipiwa shule. Usiku ule alilala.

Wengi kwetu wakisikia tiba shufaa husema, "Wamemrudisha akafe." Naumia kusikia hivyo, maana wanachelewa kuiomba. Huduma hii inatakiwa ianze ugonjwa mzito unapogunduliwa, sambamba na matibabu mengine. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha wagonjwa wa saratani ya mapafu walioianza mapema waliishi takriban miezi 11 na nusu, wenzao takriban 9. Kwa hiyo anayeuguza Mtwara au Lindi asingoje: aulize hospitali iliyogundua ugonjwa, na anayepelekwa Ocean Road, taasisi ya saratani iliyoko Dar es Salaam, aulize akiwa hukohuko, kabla ya kurudi safari ya mamia ya kilomita.

Siku za mwisho mama mkubwa aliacha kula. Tulitaka kumlazimisha. Muuguzi akatueleza kwamba mwili unaozimika hauhitaji tena chakula, na uji wa kulazimisha unaweza kumpalia. Akatufundisha kulowesha kitambaa safi na kumpangusa midomo. Binti yake mdogo ndiye aliyeifanya kazi hiyo, kila baada ya muda, hadi alfajiri aliyofariki.

Mofini iliyobaki tuliirudisha hospitali. Ni dawa inayodhibitiwa, haiachwi ndani ya nyumba. Wiki mbili baadaye yule muuguzi alikuja tena, mikono mitupu, akakaa na binti mkekani.