Ukitaka Kumwona Kasa Mombasa, Hesabu Mwezi Kwanza

Swali ninaloulizwa zaidi kwenye simu ni bei. La pili ni kama kasa wataonekana kweli. Wachache sana huuliza maji yatakuwaje siku hiyo, nami ningependa waanze hapo, kwa sababu majibu ya maswali mengine yote yanatoka kwenye maji. Naongoza safari za boti ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Mombasa. Leo nataka kueleza jinsi ninavyopanga safari ya kuogelea na kasa, na kwa nini wakati mwingine nakataa pesa ya mtu aliyekwishafika ufuoni na miwani yake ya majini mkononi.

Kutoka Nyali kwenda Bamburi kuna mwamba unaokwenda sambamba na ufuo. Kati ya mwamba na mchanga kuna maji ya ndani, mapole, yenye matumbawe upande wa nje na malisho ya majani ya bahari upande wa pwani. Serikali ilitangaza eneo hili kuwa hifadhi mwaka 1986. Sehemu ya katikati, kilomita za mraba 10 hivi, hakuna ruhusa ya kuvua kabisa. Kuizunguka kuna eneo kubwa zaidi, la kilomita za mraba 200, ambako uvuvi wa kienyeji unaruhusiwa. Mgeni haoni mpaka wowote, lakini akiingia majini huona tofauti kwa idadi ya samaki.

Sasa maji yenyewe. Bahari yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa karibu dakika 50 kuliko jana yake. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti kati ya maji makuu na kupwa hupita mita 3. Mwezi ukiwa nusu tunakuwa na maji mafu, na tofauti hiyo hupungua sana. Siku hizi jedwali la maji liko kwenye simu, lakini manahodha wazee hawalihitaji. Wanauliza tu, "Leo mwezi ngapi?" Ukiwatajia tarehe ya mwezi wa Kiislamu wanakwambia saa ya kupwa bila kutazama baharini.

Shida ni kwamba matumbawe na kasa hawataki maji ya namna moja. Maji yakipwa, mwamba hujitokeza na kuyazuia mawimbi ya bahari kuu. Ndani kunatulia, mchanga unalala, na unaona mbali. Yakijaa, mawimbi hupita juu ya mwamba, hutikisa mchanga, na maji hubadilika rangi. Kwa hiyo anayetaka kuona matumbawe atafute kupwa. Lakini kasa anayekula majani ana hesabu nyingine. Malisho yaliyo karibu na ufuo hayafikiki maji yakiwa ya magoti, hivyo husubiri yajae na kupanda nayo. Ukienda wakati wa kupwa peke yake utayafaidi matumbawe na samaki wake, kisha utarudi ukisema Mombasa hakuna kasa.

Njia yangu ni kupata vyote viwili katika safari moja, na kalenda inanisaidia. Siku mbili tatu kabla ya bamvua, yaani tarehe 12 au 13 na tarehe 27 au 28 za mwezi wa Kiislamu, kupwa huangukia kama saa mbili asubuhi. Siku hizo tunang'oa nanga mapema, tunawahi matumbawe maji yakiwa yametulia, halafu maji yanapoanza kujaa tunarudi taratibu upande wa malisho. Kasa naye anakuja huko huko kula. Bamvua yenyewe siipendi. Kupwa huwa saa nne au saa tano, maji huwa machache mno hata boti ikasugua chini, na kwenye milango ya mwamba, ile mianya yake, mkondo unavuta kwa nguvu ambayo mtu wa mapezi ya miguuni ya kukodi haiwezi. Maji mafu si mabaya kwa wanaoanza kujifunza, kwa sababu hayana haraka. Hoteli, kwa upande wao, hupenda safari ya saa nne kila siku, hata ya bamvua, wageni wakishashiba. Hapo ndipo ninapokataa pesa.

Kuhusu misimu sina mengi. Kaskazi, msimu wa upepo wa kaskazini, ndiyo wakati wake, kuanzia Novemba au Desemba mpaka Machi, asubuhi kabla upepo haujaamka. Kusi, upepo wa kusini, ikishika, hasa Juni na Julai, bahari huchafuka na siku nyingi hatutoki.

Kenya tuna aina tano za kasa wa baharini, lakini mtu wa miwani na mrija huwaona wawili: kasa wa kawaida na ng'amba. Duvi, kigome na noa ni bahati ya wavuvi wa nje. Watazame usoni. Kasa wa kawaida ana kichwa cha mviringo, na kati ya macho na pua ana jozi moja ya magamba marefu. Ng'amba ana jozi mbili, mdomo wake umechongoka kama wa kasuku, na magamba ya mgongoni yamepandana. Mdomo ule una kazi, kwani ng'amba hula sifongo zilizojibana kwenye nyufa za matumbawe. Ndiyo maana humkuti kwenye majani bali kwenye mawe. Akishakua, kasa wa kawaida hula majani hasa, na ndiye tunayemfuata maji yanapojaa. Gamba la ng'amba lilikuwa bidhaa ya pwani hii zamani sana. Wafanyabiashara wa Kigiriki wa karne ya kwanza walilitaja pamoja na pembe za ndovu. Leo ng'amba yuko katika hatari kubwa ya kutoweka duniani kote.

Wazee wa Kibajuni walikuwa na ufundi wa kumvua kasa kwa kutumia chazo, yule samaki mwenye kidude cha kunata kichwani. Walimfunga kamba mkiani, wakamwachia karibu na kasa, naye akajibandika kwenye gamba. Kisha wakavuta. Nausimulia ufundi huo kwenye boti kwa sababu unaonyesha jinsi watu wetu walivyomjua mnyama huyu, si kwa sababu nataka urudi. Kuna siku lazima mtu aulize kama nyama yake ni tamu. Nawajibu kwamba sheria ya wanyamapori ya 2013 inakataza, na pia kwamba nyama ya kasa huweza kuwa na sumu isiyoisha kwa kupikwa. Machi 2024, kwenye kisiwa cha Panza huko Pemba, watoto 8 na mtu mzima mmoja walifariki baada ya kuila. Baada ya hapo boti hunyamaza kidogo.

Tukifika, hatushuki wote mara moja. Ninashuka na watu wanne, wengine wanabaki na nahodha. Jambo ninalolieleza kwa kirefu kuliko yote ni pumzi. Kasa anavuta hewa kama wewe. Akiwa amelala chini ya jiwe anaweza kukaa saa kadhaa bila kupanda. Akiwa anakula, hupanda kila baada ya dakika chache, hutoa kichwa, huvuta hewa mara moja au mbili na kushuka tena. Watu wakijikusanya juu yake, anapotaka kupanda hukuta miguu na mapezi. Atafanya nini? Ataahirisha pumzi na kuogelea pembeni, na akikuta miguu mingine ataondoka kabisa. Wewe utasema kasa ana aibu, kumbe ulikuwa umekaa mlangoni pake.

Kwa hiyo tunakaa ubavuni, si juu wala nyuma, na tunaacha kama mita 3. Nyuma ni pabaya kwa sababu anayefuatwa kutoka nyuma hudhani anawindwa. Ukielea kimya ubavuni, mikono ukiwa umeikunja kifuani, mara nyingi ataendelea kung'oa majani na kukutazama kwa jicho moja. Kuna dalili ninazozitazama kwa niaba ya wageni: akiacha kula na kuinua kichwa, akikugeuzia mgongo, au kama makasia yake ya mbele yaliyokuwa yakipiga polepole yanaanza kupiga harakaharaka. Nikiiona mojawapo nainua mkono, na hapo tunarudi nyuma. Si lazima aondoke ndipo tujue tumemkera.

Mgeni mmoja kutoka bara aliwahi kuniambia, "Dada, mimi nimelipa, acha nimguse kidogo tu nipige picha." Nikamwambia, "Kaka, ulilipa boti." Alicheka, nashukuru. Kasa hawezi kuingiza kichwa ndani ya gamba kama kobe wa nchi kavu, kwa hiyo akishikwa hana pa kujificha isipokuwa kukimbia, na akikimbia anaiacha pumzi na chakula chake.

Kuna boti zinazotupa mkate majini ili samaki wakusanyike. Nalisema hili bila kuuma maneno: usipande boti hiyo. Wale samaki wenye mistari myeusi wanajaa kweli, watoto wanafurahi, lakini samaki anayeshiba mkate ameacha kazi yake mwambani. Na mwamba una kazi nyingi. Mfano ni samaki aitwaye kikande, ambaye hula wale wanyama wa miiba meusi mnaoogopa kuwakanyaga. Pale vikande wanapovuliwa wakaisha, wenye miiba huongezeka na kuyala majani ya bahari mpaka pakabaki mchanga mtupu. Majani hayo ndiyo chakula cha kasa. Sehemu isiyovuliwa inamfaa kasa kwa njia hii ya mzunguko, hata kama hakuna anayemvua kasa mwenyewe. Anayemuua mara nyingi ni jarife, wavu wa macho makubwa uliotegewa papa na wale samaki bapa waitwao taa. Akinaswa humo na kukosa kupanda kupumua, anazama.

Ukiwa ufuoni, watakufuata vijana wengi wakikuitia boti, na wengine wao ni waongozaji hodari. Kuwatambua si vigumu. Muulize yeyote kati yao, "Kasa akikimbia, tutafanya nini?" Akijibu kwamba mnamfuata kwa injini, mshukuru uende kwa mwingine, maana rafadha, lile panga la injini, na mgongo wa kasa havipaswi kukaribiana. Muulize pia atafunga boti wapi. Jibu zuri ni boya, kwa kuwa nanga ikitupwa juu ya matumbawe huvunja kilichochukua miaka kukua. Boti iwe na kibali cha Mamlaka ya Bahari ya Kenya, na jaketi la kuokolea liwepo kwa kila kichwa, nawe ulivae kabla injini haijawashwa. Ada ya hifadhi ni ya KWS, shirika la serikali la wanyamapori, na hulipwa kwa njia ya mtandao kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kwa hiyo anayekwambia umpe taslimu "ya hifadhi" mwombe akuonyeshe risiti.

Wageni wangu wengi hawajui kuogelea, na hilo si kikwazo. Tunafanya mazoezi maji yakiwa ya kiuno. Unatema mate ndani ya miwani na kuyasuuza ili kioo kisiingie ukungu, unauma mrija, unapumua kwa mdomo polepole huku uso ukiwa majini, mpaka mwili uamini kwamba hewa ipo. Wengi huhitaji muda mfupi tu. Ukishikwa na hofu, usisimame juu ya matumbawe. Geuka ulale chali, jaketi litakubeba, nami nitakuja. Kina mama wanaokuja na dera nawashauri wavae suruali ya kubana na fulana ya mikono mirefu ndani, na dera libaki kwenye boti. Dera likiloa huzungushia miguu na kuvuta chini. Nguo ndefu ina faida nyingine kwa kila mtu: jua la kaskazi huunguza mgongo ulioelea, na kadiri ulivyojifunika ndivyo unavyopaka mafuta ya kukinga jua machache, na yanayobaki majini yanakuwa machache pia. Chupa za plastiki za maji acha nyumbani. Tangu Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi ndani ya hifadhi, na kasa ni vigumu kutapika alichomeza.

Sitoi ahadi kwamba utamwona. Maji ya ndani ya Nyali ni malisho, si zizi. Wanaotaka uhakika huwa wameona video za Nungwi, kule Unguja, ambako kasa wamewekwa kwenye bwawa na watu huwalisha mwani. Ni jambo tofauti na hili. Kama una siku chache tu na tarehe zimeangukia bamvua, mimi mwenyewe nitakushauri uchukue gari uende Shimoni, kusini mwa pwani, upande boti kwenda hifadhi ya bahari ya Kisite. Matumbawe ya kule yako mbali na ufuo, maji ni safi zaidi, kasa huonekana mara nyingi, na njiani pomboo nao hujitokeza. Ila na huko muulize nahodha kasa akikimbia atafanya nini.